Vidonge vya presha vikae pamoja na pasipoti

Saa kumi na moja alfajiri, makutano ya Ntinda huwa yameshaamka. Bodaboda wamejipanga wakisubiri abiria wa kwanza, makondakta wa teksi wanaita watu wa mjini, na wauza chapati wameshawasha makaa. Katikati ya pilikapilika hizo hupita watu wenye mifuko mikubwa ya nailoni iliyokunjwa kwapani. Ni wafanyabiashara wa mipakani wanaoishi Ntinda, Kiwatule, Bukoto na Kisaasi: huyu anafuata nguo Eastleigh jijini Nairobi, yule anapeleka maharage na mayai Busia, mwingine analeta mchele wa Tanzania kupitia Mutukula.

Mtu wa namna hiyo ni hodari wa hesabu. Anajua bei ya gunia ya jana na ya leo. Anajua shilingi ya Kenya imepanda kwa kiasi gani mbele ya shilingi ya Uganda, na anajua wakala gani wa forodha ni mwaminifu na yupi wa kuogopwa. Daftari lake lina madeni ya miaka mitatu iliyopita na hakuna mdaiwa aliyesahaulika. Lakini akiulizwa presha yake ilikuwa ngapi ilipopimwa mara ya mwisho, hucheka. Wako akina mama watakaojibu kwamba walipimwa walipokuwa wajawazito, na mtoto huyo sasa yuko sekondari.

Kicheko hicho kina gharama. Biashara nyingi za mpakani zimo kichwani mwa mtu mmoja. Hakuna meneja wala naibu, na hakuna karatasi inayoeleza nani anadaiwa nini huko Kisumu au Bukoba. Mwenye biashara akianguka kwa kiharusi, mzigo unabaki Malaba ukilipiwa ghala, mkopo wa SACCO unaendelea kuzaa riba, na wateja wa miaka kumi wanatafuta mtu mwingine ndani ya wiki mbili. Familia hugundua kwamba duka lilikuwa ni yeye.

Wala hofu hii si ya kubuni. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa Uganda mwaka 2014 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza ulionyesha kwamba takriban mtu mzima mmoja kati ya wanne alikuwa na shinikizo la juu la damu. Cha kutisha zaidi, miongoni mwa hao waliokuwa nalo, waliojua hali yao hawakufika hata mmoja kati ya kumi. Wengine wote walikuwa wakienda sokoni, wakibeba mizigo na kupanda mabasi huku wakijiona wazima kabisa.

Takwimu nyingine ilisikika zaidi, kwa sababu ilikuwa tamu. Mwaka 2018 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walichapisha ulinganisho wa nchi 168 kuhusu watu wasiojishughulisha vya kutosha kimwili. Uganda ilitoka ya kwanza kwa uzuri: ni asilimia 5.5 tu ya watu wazima waliohesabiwa kuwa wazembe wa mwili, ilhali Kuwait walikuwa asilimia 67. Waganda walifurahi, na walikuwa na haki. Lakini sifa ile ililetwa na jembe, na ndoo ya maji kichwani, na kilomita za kwenda shambani na shuleni kwa miguu. Haikuletwa na mtu wa Ntinda anayekaa dukani saa kumi na mbili, anayepanda bodaboda kwenda mahali anapopaona kwa macho, na anayelala ameketi ndani ya basi usiku mbili kwa wiki. Huyo amekwishahama kutoka kwenye ile asilimia nzuri, ila hakuna aliyempa taarifa.

Inafaa kukumbuka kwamba neno bodaboda lenyewe lilizaliwa mpakani. Huko Busia na Malaba, waendesha baiskeli waliwavusha abiria na mizigo yao katika eneo lililo kati ya kituo cha Uganda na kituo cha Kenya, kutoka boda moja hadi boda nyingine. Angalau wakati ule kulikuwa na mtu mmoja kati ya wawili aliyekuwa akitoa jasho.

Kwa hiyo tatizo si ukosefu wa elimu. Redio zinasema kila siku: punguza chumvi, punguza sukari, fanya mazoezi, pima presha. Mfanyabiashara anasikia na anakubali. Januari ikifika anajiandikisha katika mojawapo ya kumbi za mazoezi za Ntinda, analipa mwezi mzima, ananunua na viatu vipya. Wiki ya kwanza anakwenda mara nne. Wiki ya pili mzigo unafika mpakani, anasafiri siku tatu. Akirudi amechoka, na kuna wateja wa kuhudumia. Wiki ya tatu anaona aibu kurudi. Viatu vinakwenda kwa mpwa wake.

Hapo watu husema hana nidhamu. Kauli hiyo ni ya dharau na si ya kweli. Mtu asiye na nidhamu hawezi kuendesha biashara ya kuvuka mipaka hata kwa miezi sita. Kilichomshinda ni ratiba iliyotengenezwa kwa ajili ya mtu mwingine. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa saa kumi na mbili jioni ni mpango wa karani anayetoka ofisini saa kumi na moja kila siku ya Mungu. Mfanyabiashara wa mpakani hana Jumatatu. Ana siku ya kununua, siku ya kuvuka, siku ya kuuza na siku ya kudai, na siku hizo hazifuati kalenda ya ukutani.

Basi ashike wapi? Kuna utafiti mmoja ambao wafanyabiashara wangeupenda kwa sababu unazungumza lugha yao. Watafiti wa University College London, wakiongozwa na Phillippa Lally, waliwafuatilia watu 96 kwa wiki 12. Kila mmoja alichagua jambo dogo moja la kiafya na kulifunga kwenye tukio ambalo tayari lilikuwa katika siku yake: kunywa maji wakati wa chakula cha mchana, kula tunda, kukimbia kidogo kabla ya chakula cha jioni. Walitaka kujua ni lini jambo hilo litaanza kufanyika lenyewe, bila mtu kujisukuma. Wastani ulikuwa siku 66. Kwa wengine zilikuwa 18 tu, na kwa wengine makadirio yalifika 254. Mambo mepesi kama kunywa maji yalishika haraka, mazoezi yalichelewa. Na la muhimu kwa mtu wa safari: aliyekosa siku moja hakuharibu chochote. Aliendelea kesho yake kana kwamba hakukosa.

Hili la mwisho lingebandikwa kwenye kila duka la Ntinda. Watu wengi huacha tabia njema siku ya kwanza wanayoikosa, kwa kudhani hesabu imevunjika na lazima waanze upya Januari nyingine. Mfanyabiashara hafungi duka kwa sababu siku moja hakuuza. Anasema leo pabaya, anafunga mlango, na kesho anafungua. Haba na haba hujaza kibaba, husemwa mno katika vikundi vya akiba, na kila mtu huelewa kwamba inahusu fedha. Ni nadra kusikia mtu akiisema juu ya magoti au moyo.

Jambo la pili katika utafiti ule ni kile kitendo cha kufunga kipya kwenye cha zamani. Hapa ndipo maisha ya mpakani, pamoja na vurugu zake zote, yanapotoa nafasi ambayo karani hana. Siku za mfanyabiashara hazifanani, lakini ndani yake kuna matukio yasiyobadilika kabisa. Kila duka hufunguliwa. Kila jioni fedha huhesabiwa. Kila safari ina kituo cha uhamiaji, na hakuna abiria anayevuka bila kushuka kwenye basi. Hayo ndiyo magogo ya kufungia mashua.

Chukulia kituo cha Busia. Tangu Februari 2018 kilipozinduliwa rasmi kuwa kituo cha pamoja, abiria hukamilisha shughuli za nchi zote mbili mahali pamoja. Wengi hushuka, hupiga foleni, hugonga muhuri, kisha hukimbilia kiti chao na kukaa tena wakisubiri wenzao. Dakika hizo za kusubiri, ambazo wakati mwingine hufika 30 na wakati mwingine hupita saa, ni uwanja wa mazoezi usiolipiwa. Anayeamua kwamba "muhuri ukigongwa, natembea mpaka dereva apige honi" amepata mazoezi ambayo hayamdai ratiba. Akienda Nairobi anatembea, akirudi anatembea. Kwa mwezi wa safari nne, hiyo ni mara nane.

Kutembea huko si mapambo. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba hatari ya damu kuganda katika mishipa ya miguu huongezeka takriban maradufu baada ya safari ya saa nne au zaidi ambayo mtu amekaa bila kujongea. Kwa mtu mmoja katika safari moja hatari hiyo bado ni ndogo. Lakini kutoka Kampala hadi Nairobi ni karibu kilomita 650, usiku kucha, na mfanyabiashara hafanyi safari moja. Anafanya hivyo miaka ishirini, miguu ikining'inia juu ya mzigo alioubana chini ya kiti.

Nyumbani nako hali ni hiyo hiyo. Kutoka makutano ya Ntinda hadi soko la Nakawa hazifiki kilomita nne. Anayetembea upande mmoja tu, asubuhi, kabla jua halijawa kali, na kurudi kwa teksi na mzigo wake, amemaliza sehemu kubwa ya zile dakika 150 kwa wiki ambazo wataalamu wanapendekeza kuwa kiwango cha chini kwa mtu mzima. Na zile hatua 10,000 ambazo simu za kisasa huzidai kila siku zisimtie mtu hofu. Namba hiyo ilitokana na kifaa cha kuhesabia hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965. Ilikuwa jina la bidhaa kabla haijawa ushauri. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2019 kuhusu wanawake wazee ulikuta kwamba waliotembea hatua 4,400 kwa siku tayari walikuwa na hatari ndogo ya kufa kuliko waliotembea 2,700, na faida iliacha kuongezeka kwenye hatua kama 7,500.

Lakini kabla ya miguu kuna jambo la maji, na hili linahitaji kusemwa bila haya. Wanawake wengi wanaosafiri kwa mabasi ya mipakani huacha kunywa maji tangu mchana wa siku ya safari. Sababu si kwamba hawajui faida ya maji. Sababu ni choo. Basi halisimami wanapotaka wao. Linaposimama, choo ni kichafu, au kina foleni, au kinadai fedha ya nchi ambayo bado hawajabadilisha. Mwanamke mwenye fedha za mtaji kiunoni hawezi kuchepuka gizani kama wanaume. Basi anakaa na kiu saa kumi na mbili, kichwa kinamuuma, anameza dawa ya maumivu bila maji ya kutosha, na akifika Nairobi anakunywa soda baridi ili achangamke. Chupa ya mililita 300 ina sukari kama vijiko vinane vya chai.

Kumwambia mtu huyo "jenga tabia ya kunywa maji" bila kumtajia choo ni kumdhihaki. Kampuni za mabasi zinazochukua nauli zao kila wiki zinaweza kutangaza vituo vya kusimama kabla ya kuondoka, na kuvichagua kwa usafi badala ya urafiki wa dereva na mwenye hoteli. Abiria nao, hasa wale wa kudumu, wana nguvu kuliko wanavyodhani. Kikundi cha akina mama ishirini wanaosafiri pamoja kila mwezi ni mteja mkubwa. Wakisema wanahamia basi lingine kwa sababu ya choo, watasikilizwa. Hadi hapo, kuna kidogo kinachowezekana: glasi mbili za maji asubuhi wakati wa kufungua duka, nyingine mchana, na chupa moja ya kunywewa kituo cha mpakani, ambako vyoo vipo.

Kuhusu chakula hakuna haja ya hotuba ndefu. Rolex ya Ntinda, ile chapati iliyoviringwa na mayai, haitaondoka, wala kikomando cha chapati na maharage, na anayewataka wafanyabiashara wale saladi saa kumi na moja alfajiri hajawahi kushinda njaa hadi saa tisa mchana. Chapati moja badala ya mbili, nyanya na kabichi ziongezwe, na mwuza rolex aambiwe apunguze chumvi: hayo yanatosha kuanzia. Kiwango cha chumvi kinachoshauriwa ni chini ya gramu tano kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kisichojaa kwa vyakula vyote, na mtu anayenyunyizia chumvi nyama choma usiku huweza kukimaliza kabla hajamaliza sahani. Dodo na nakati zinauzwa soko la Ntinda kwa bei ndogo kuliko soda. Wanaofunga Ramadhani, kuanzia Mombasa hadi Kampala, wanajua jinsi tumbo linavyokubali saa mpya za kula baada ya siku chache tu. Mwili si mkaidi kama mwenyewe anavyodai.

Kuna somo moja ambalo eneo zima lilipewa na halikulitumia. Wakati wa korona, kila duka la Ntinda lilikuwa na dumu lenye bomba mlangoni, na kila mteja alinawa. Madumu yale sasa yako wapi? Mengi yalirudi kuchotea maji nyumbani mara tu amri ilipolegea. Tabia ile ililindwa na mlinzi na polisi, haikufungwa kwenye jambo ambalo mwenye duka alilifanya kwa hiari yake. Wachache waliliacha dumu ni wale wanaouza chakula, kwa sababu kwao kunawa tayari kulikuwa sehemu ya kula.

Wakati huo huo kulikuwa na mfano wa upande wa pili. Aprili 2020, kukimbia barabarani kulipopigwa marufuku, Rais Yoweri Museveni, akiwa na miaka 75, alitoa video akikimbia ndani ya chumba bila viatu, kisha akapiga pushapu 30. Watu walicheka, wengine wakaiga sebuleni. Siasa pembeni, alichoonyesha kilikuwa kweli: chumba kinatosha. Mwenye duka la futi kumi kwa kumi anaweza kusimama na kuketi mara ishirini kabla ya kufungua mlango, na hakuna mteja atakayemwona.

Yote haya hufanyika kwa urahisi zaidi watu wakiwa pamoja. Wafanyabiashara wa Afrika Mashariki ni mabingwa wa kikundi. Waganda wana nigina, Wakenya wana chama, Watanzania wana upatu, na katika kila kimoja mtu huona aibu kubwa kukosa mchango wake. Aibu hiyo ni mtaji. Kikundi kinachokutana Jumapili mchana Ntinda kugawana fedha kinaweza kununua kipimo cha presha cha mkononi kwa mchango mdogo wa kila mwanachama, na kila mtu akapimwa kabla ya kutoa fedha yake. Namba iandikwe daftarini, pembeni ya mchango. Anayefika 140 juu au 90 chini, na akarudia hapo wiki inayofuata, anasindikizwa kliniki na mwenzake. Hakuna kikundi kinachoshindwa jambo hilo. Vingi vimekwishamudu mambo magumu zaidi, kama kumzika mwanachama.

Yapo yasiyotibiwa na tabia ndogo, na si haki kuyaficha. Mtu ambaye mzigo wake umezuiwa forodhani siku nne halali, na glasi ya maji haitamlaza. Deni la riba kubwa, askari wa barabarani, mpaka unaofungwa ghafla kama ule wa Gatuna na Katuna kati ya Rwanda na Uganda uliofungwa tangu Februari 2019 hadi mwanzoni mwa 2022, vyote hivyo navyo huweza kupandisha presha. Anayehubiri afya kwa wafanyabiashara huku akinyamaza kuhusu mambo hayo amefanya nusu ya kazi.

Serikali nazo zina sehemu yao, na hapa Jumuiya haina kisingizio. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa mwaka 1999, kifungu cha 118, unazitaka nchi wanachama kuchukua hatua za pamoja kuzuia magonjwa ya kuambukiza na yasiyoambukiza. Nusu ya kwanza inaonekana mpakani. Maofisa wa afya wapo, wanakagua kadi ya homa ya manjano, na ebola ikizuka wanapima joto la kila mtu. Nusu ya pili haionekani popote. Msafiri huulizwa ugonjwa anaoweza kuwaletea wengine, haulizwi ule utakaomuua mwenyewe. Ofisa yule yule, katika chumba kile kile, angeweza kuwa na kipimo cha presha mezani kwa anayetaka. Foleni ipo na watu wamesimama bure. Ni mahali gani pengine serikali inawapata watu wazima wengi kiasi hicho, tena kila wiki, tena kwa hiari yao?

Uganda ina siku ya taifa ya mazoezi tangu 2018, kila Julai. Ni jambo jema, ila siku moja kwa mwaka haimjengei mtu tabia. Kigali walianza mwaka 2016 kufunga baadhi ya barabara kwa magari Jumapili moja kwa mwezi ili watu wakimbie na watembee, baadaye zikawa Jumapili mbili. Huko watu wamezoea. Ntinda, mtembea kwa miguu bado anagombania ukingo wa barabara na bodaboda na wauza matunda. Mamlaka ya Jiji la Kampala ikitaka watu wa Ntinda watembee hadi Nakawa, iwape njia ya kupita kwanza.

Limebaki moja, nalo ndilo linaloua wengi kimya kimya. Ni la wale ambao tayari wamegunduliwa na wameandikiwa dawa. Presha haiumi, kwa hiyo vidonge husahaulika kirahisi. Akiwa Ntinda mfanyabiashara humeza kila asubuhi, kwa sababu vimewekwa juu ya kabati karibu na chai. Safari ikija, kabati halisafiri. Siku nne Nairobi bila dawa, siku tatu Kampala na dawa, wiki nyingine Eldoret bila dawa. Daktari akimwona anadhani dawa haifanyi kazi, anamwongezea nguvu, kumbe tatizo lilikuwa kabati.

Akiishiwa akiwa ugenini, huenda kwenye duka la dawa na kutaja rangi ya boksi. Rangi ya boksi ya Kampala si ya Kisumu wala Mwanza. Jina la kampuni hubadilika, ila jina la dawa yenyewe halibadiliki. Kama ni amlodipine, ni amlodipine pande zote za mpaka, na kipimo chake kimeandikwa kwa miligramu. Karatasi ndogo yenye jina hilo, miligramu zake na namba ya mwisho ya presha inaingia vizuri ndani ya kadi ya njano ya chanjo, ambayo hakuna msafiri anayeisahau.

Usiku wa kuamkia safari, kila mfanyabiashara ana mahali anapopanga vitu vyake. Pasipoti au kitambulisho, kadi ya njano, simu mbili, fedha za nchi mbili zilizotenganishwa kwa mpira, orodha ya wateja, na hati rahisi ya uasili wa bidhaa kwa mwenye mzigo usiozidi dola 2,000. Huvikagua mara mbili kabla ya kulala, na mara ya tatu akiwa juu ya bodaboda kuelekea stendi, kwa kugusa mfuko. Vidonge vya siku zote za safari, na vya siku mbili za ziada kwa ajili ya basi litakaloharibika, viwekwe humo humo, ndani ya pasipoti ikiwezekana, ili mkono unaotafuta muhuri uvikute.